Nyayo Bapa na Miguu Milegevu
Namna ya kumsaidia mtoto mwenye hali ya Down apate kutembea vizuri

Wewe mama, labda una mtoto nyumbani aliyepita miezi 18, naye hajatembea bado. Ukimsimamisha, magoti yake yanalegea kama jani la mgomba lililonyauka. Akikaza magoti na kusimama, nyayo zake zinalala chini zote, hata upande wa ndani. Majirani wanamtazama na kusema, "Mtoto huyu hana mifupa." Wengine wanasema kwamba kuna mtu aliyemloga. Nawe umechoka kuulizwa. Basi siku ya soko unamwacha ndani, na siku ya Jumapili unambeba mgongoni, umemfunika kitenge, watu wasimwone.

Maneno haya ni kwa ajili yako, na kwa baba yake, na kwa nyanya yake anayemtunza wakati mko shambani. Yasomeni polepole. Asiyejua kusoma, na asomewe.

1. MTOTO HUYU NI NANI?

Tunasema juu ya mtoto aliyezaliwa na hali ya Down. Waganga wa Congo huiita pia trizomi 21. Unaweza kumtambua kwa alama nyingi: macho yake yamepanda kidogo upande wa nje, kisogo chake ni bapa, shingo ni fupi, mikono ni mifupi na mipana. Mara nyingi kuna nafasi kubwa kati ya kidole gumba cha mguu na kidole cha pili. Na tangu siku ya kuzaliwa mwili wake ni mlegevu. Ukimwinua, ni kama atateleza katika mikono yako.

Daktari mmoja wa Uingereza, John Langdon Down, aliandika habari za watoto hao mwaka 1866, ndiyo sababu hali hii inaitwa kwa jina lake. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua chanzo chake. Mwaka 1959, huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba wamekiona. Mwili wa kila mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe kuna kama nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu. Mtoto huyu ana 47. Uzi mmoja umezidi.

Basi jua neno hili: uzi huo haukuletwa na chakula ulichokula ulipokuwa na mimba. Haukuletwa na ugomvi wa nyumbani, wala na uchawi, wala na dhambi ya baba au ya mama. Watoto wa namna hii huzaliwa katika nchi zote, kwa matajiri na kwa maskini. Hakuna dawa ya kuuondoa uzi ule. Lakini yako mambo mengi ya kumsaidia mtoto, na mengine yako mikononi mwako mwenyewe.

2. KWA NINI MIGUU YAKE IMELEGEA?

Tazama nyumba inayojengwa kwa miti. Miti yenyewe haiwezi kusimama. Inafungwa kwa kamba, na kamba zikifungwa kwa nguvu nyumba inasimama imara. Kamba zikilegea, miti ni mizima, lakini nyumba inainama.

Ni vivyo hivyo na mguu wa mtoto huyu. Mifupa anayo. Wanaosema kwamba hana mifupa wanakosa. Taabu yake ni hizi tatu:

Kwanza, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zinanyoka kupita kiasi. Kwa hiyo viungo vyake vinapindika sana, hata anaweza kupeleka mguu wake mpaka usoni bila kuumia.

Pili, misuli yake ni milegevu hata wakati wa kupumzika.

Tatu, misuli hiyo ina nguvu kidogo. Tena mikono na miguu yake ni mifupi kuliko ya watoto wengine, hata kujiinua kutoka chini ni kazi kubwa kwake.

Ulegevu wa kano hauponi kabisa. Lakini nguvu za misuli zinaweza kuongezeka, na misuli yenye nguvu inasaidia kushika mahali ambapo kano zimelegea. Shika neno hili, maana mafundisho yote yanayofuata yanatoka hapo.

3. SHIKA MGUU WAKO MWENYEWE

Kaa chini, ushike mguu wako nyuma, chini ya goti. Hapo pana shavu la mguu. Sasa simama, ujiinue juu ya vidole. Unasikia shavu linakuwa gumu? Misuli hiyo inavuta kano nene iliyofungwa kwenye kisigino. Ndiyo inayokusukuma mbele kila unapopiga hatua, na inayokupandisha mlimani.

Chini ya misuli hiyo, ndani kabisa, umejificha msuli mwingine. Kano yake inapita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, kisha inaingia chini ya unyayo. Kazi yake moja kubwa ni kuinua upinde wa unyayo, yaani mahali pale katikati ambapo mguu haugusi chini. Upande wa mbele wa mguu pana msuli unaoinua unyayo usikwaruze udongo. Upande wa nje pana misuli inayosaidia mguu usipinduke.

Kwa mtoto mwenye hali ya Down misuli hii yote ni dhaifu, na kano za unyayo zimelegea. Basi uzito wa mwili ukishuka, upinde unabonyea. Kisigino kinainama upande wa nje. Kifundo cha ndani kinashuka karibu na udongo. Mtoto anaona kwamba ataanguka, kwa hiyo anatafuta njia yake mwenyewe ya kusimama: anatanua miguu mbalimbali, anageuza vidole nje, na kukaza magoti nyuma. Akitembea, anapiga hatua fupi, na unyayo wote unatua mara moja, pa! pa! Haanguki upesi, lakini haendi mbali, maana shavu la mguu halimsukumi. Akizoea kutembea hivyo miaka mingi, baadaye nyayo na magoti yanaweza kuuma.

4. JE, UNYAYO BAPA NI UGONJWA?

Usiogope kabla ya kupima. Watoto wachanga wote wana nyayo bapa, kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya unyayo. Upinde unaonekana polepole, na kwa watoto wengi umekwisha kuonekana wanapofika miaka 6 hivi. Tena wako watu wazima wengi wenye nyayo bapa wanaolima, wanaobeba mizigo, na hawana maumivu.

Mtoto akiwa amekwisha kujua kusimama, mpime hivi:

Mkalishe juu ya kiti, miguu yake ining'inie. Tazama upande wa ndani wa unyayo. Je, upinde unaonekana?

Kisha mwambie asimame juu ya vidole, akishika ukuta. Je, upinde unapanda, na kisigino kinaingia ndani?

Mwisho, asimame kawaida, nawe uinue kidole gumba cha mguu wake polepole. Je, upinde unapanda?

Upinde ukionekana, hata katika jaribu la kwanza tu, unyayo ule ni laini. Haukufungika. Kama hauumi, hautaki kupasuliwa. Unataka kazi. Lakini unyayo uliokakamaa, usiopata upinde hata mtoto akikaa, au unaouma, au uliovimba, uonyeshe kwa daktari.

5. MAMA ALIYETAKA SINDANO

Wafikirie mama wawili wanaokuja hospitalini siku moja. Kila mmoja ana mtoto wa miezi 20 mwenye hali ya Down.

Mama wa kwanza anasema, "Baba mganga, mpe mtoto wangu sindano ya kutia miguu nguvu."

Mganga anamjibu, "Mama, sindano ya namna hiyo haiko."

Mama anakasirika. Anakwenda kwa mtu anayeuza sindano sokoni. Anatoa pesa za chumvi na za sabuni. Mtoto anachomwa matakoni mara nyingi. Miguu haipati nguvu. Kinyume chake, sindano ikichomwa mahali pabaya inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mguu ukafa ganzi au kupooza. Mtoto aliyekuwa na miguu milegevu sasa ana mguu mmoja usiosogea.

Mama wa pili anasikia jibu lile lile. Naye anauliza, "Basi, nifanye nini?" Mganga anatandika mkeka, anamwonyesha. Mama anarudi nyumbani na kufanya kila siku. Baada ya wiki moja haoni kitu. Baada ya mwezi mmoja mtoto anashika kibao na kujiinua. Pesa zake za chumvi bado anazo.

Wewe utakuwa mama yupi?

6. KAZI YA KILA SIKU

Huko Marekani, Dale Ulrich na wenzake walitangaza habari hizi mwaka 2001. Walichukua watoto 30 wenye hali ya Down. Wote walipata mazoezi ya kawaida, lakini nusu walifanywa pia kupiga hatua juu ya mashini ndogo yenye mkanda unaokwenda polepole, huku wazazi wakiwashika. Walifanya dakika 8 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, nyumbani kwao. Watoto hao walitembea karibu siku 100 kabla ya wenzao.

Wewe huna mashini ile. Lakini jifunze neno lililo ndani ya habari hiyo: kazi kidogo, kila siku, na mikono ya wazazi. Kufanya saa nzima siku ya Jumamosi, kisha kuacha wiki nzima, hakufai. Fanya dakika 5 au 10, mara mbili au tatu kwa siku, mtoto akiwa ameshiba kiasi na ana furaha. Akilia au akichoka, mwache apumzike.

Lakini kwanza mpeleke hospitalini, moyo wake usikilizwe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na mganga atakuambia kazi gani inamfaa.

A. Mtoto asiyesimama bado. Mlaze kifudifudi juu ya mkeka safi, akiwa macho, nawe ukae karibu. Weka kikombe chenye kung'aa mbele yake, ainue kichwa na kukitambalia. Usimwache kulala siku nzima miguu ikiwa imetanuka kama ya chura. Mkunjie kitenge kila upande wa mapaja, miguu ikae vizuri, bila kuifunga.

B. Kuinuka kutoka kwenye kibao. Tafuta kibao kifupi, nyayo zake zifike chini na magoti yapindike. Keti mbele yake. Mshike kiunoni, umwonyeshe kitu anachopenda, ainuke kukichukua, kisha akae tena. Afanye mara 5, na siku zijazo mara 10. Kazi hii inatia nguvu mapaja na miguu.

C. Kusimama penye kitu. Msimamishe mbele ya kiti au kitanda kifupi, nyayo zikitazama mbele, zisitanuke sana. Weka chakula kidogo upande mmoja, apige hatua za kando kukifuata. Kesho weka upande wa pili.

D. Kupiga hatua. Mshike mbavuni, chini ya makwapa, nyayo zake ziguse udongo, umwache apige hatua mbele. Usimvute wala kumwinua kwa mikono yake, maana viungo vya mabega pia vimelegea.

E. Kuchuchumaa na kuinuka. Mtoto akijua kusimama, mwambie aokote mahindi moja moja na kuyatia katika kikapu kilicho juu ya kiti.

F. Kusimama juu ya vidole. Tundika kitu ukutani, juu kidogo kuliko mkono wake unavyofika. Akijivuta kukigusa, shavu la mguu linafanya kazi, na upinde unainuka. Hii ni kazi nzuri sana kwa mtoto mwenye nyayo bapa.

G. Kupanda. Akitembea vizuri, mshike mkono mpande kilima kidogo, na ngazi za mlangoni. Atembee penye mchanga. Ateke mpira. Baadaye ajaribu kuruka kutoka kwenye ngazi fupi, nawe umeshika mikono yake.

Usihesabu siku za jirani. Watoto wengine hutembea karibu na mwaka mmoja. Watoto wengi wenye hali ya Down hutembea karibu na miaka 2, wengine miaka 3, hata 4. Walio wengi sana hutembea.

7. HABARI ZA VIATU

Watu wengi wanawaza kwamba viatu vizito vitajenga upinde. Sivyo. Kiatu kizito ni mzigo kwa mguu dhaifu. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka au sakafu iliyofagiwa, mtoto aende bila viatu, unyayo ujifunze kushika chini. Nje avae viatu, kwa sababu ya funza, minyoo na miiba. Kiatu kizuri ni chepesi, kinapindika penye vidole, kinashika kisigino, na hakitoki mguuni. Kwa kuwa unyayo wake ni mpana na mfupi, usimnunulie kiatu chembamba. Kandambili hazimfai anayejifunza kutembea.

Mtoto aliyekwisha kutembea, lakini kifundo kinaanguka sana ndani, au anachoka upesi, au anaumwa, anaweza kusaidiwa na kitu cha kutiwa ndani ya kiatu ili kushika kisigino na upinde. Watu wanaotengeneza miguu ya bandia katika hospitali kubwa hujua kazi hiyo. Kitu hicho kinasaidia mtoto kusimama vizuri. Lakini hakichukui mahali pa mazoezi.

Angalia pia chakula. Watoto hawa wananenepa upesi wakikua, na uzito unazidi kuubonyeza unyayo. Mpe sombe, maharagi, samaki, matunda. Usimnyamazishe kwa mandazi na soda.

8. MAMBO USIYOPASWA KUFANYA

Usichanje miguu yake wala kupaka dawa katika vidonda.

Usifunge miguu kwa miti ili inyoke.

Usimbebe mgongoni siku nzima. Kumbeba ni vizuri, lakini miguu inayobebwa tu haijifunzi kazi.

Usimwache watoto wengine wampindue kichwa chini miguu juu, wala wamvute kwa kichwa au shingo. Mifupa miwili ya juu ya shingo yake inaweza kuwa imelegea.

9. NJOO UPESI HOSPITALINI

Ulegevu tuliousema ni wa tangu kuzaliwa, na unapungua kidogo kidogo. Ukiona mambo yanarudi nyuma, jua kwamba kuna jambo jingine.

Mtoto aliyekuwa anatembea ameacha kutembea, au anayumba kuliko zamani, au mikono imekuwa dhaifu, au shingo inauma au imepinda, au ameanza tena kujikojolea: labda mifupa ya shingo inabana uti wa mgongo. Usichelewe hata siku moja. Mchukue polepole, kichwa chake kisitikisike.

Mguu mmoja umelegea ghafula, labda pamoja na homa: inawezekana ni polio. Mwambie mganga siku hiyo hiyo. Na hakikisha kwamba mtoto amepata chanjo zake zote.

Miguu yote miwili imekakamaa ghafula, mahali watu wanapokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri: labda ni konzo.

Midomo inageuka rangi ya bluu, anahema kwa shida, anatoka jasho akinyonya: ni moyo.

Analala sana, ngozi ni kavu, haendi choo vizuri, mwili ni baridi na mlegevu kuliko zamani: labda tezi ya shingoni haifanyi kazi vema. Kuna kipimo cha damu, na kuna vidonge vya kumsaidia.

Anachechemea, au kiungo kimevimba na kinauma asubuhi: labda ni nyonga, au ugonjwa wa viungo.

10. NENO KWA BABA NA KWA WATU WA KANISA

Baba, usimwachie mama kazi hii peke yake. Ndiwe unayeweza kuchonga kibao, kusawazisha uwanja, na kupiga mti wa kushikilia kando ya ukuta. Jioni ukirudi, mshike mtoto dakika 10 apige hatua. Ndugu zake pia wafundishwe. Wakimfanya kuwa mwenzao katika mchezo wa mpira, miguu yake inapata dawa bila yeye kujua.

Nanyi mnaokaa karibu na mama huyu kanisani, msimwulize, "Nani alimloga?" Mwulizeni, "Amepiga hatua ngapi wiki hii?" Mtoto akitambaa katikati ya viti, msimfukuze. Mpeni nafasi ashike kiti, ainuke, aende mpaka kiti kinachofuata. Mtoto anayefichwa hana mahali pa kutembea.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Hali ya Down inatoka wapi? Je, mtu anaweza kuilaumu familia?
2. Ni jaribu gani linaloonyesha kwamba unyayo bapa ni laini?
3. Kwa nini sindano haitii miguu nguvu?
4. Sema kazi tatu utakazoanza kufanya kesho, na saa utakapozifanya.
5. Mtoto aliyekuwa anatembea akiacha kutembea, utafanya nini?

Ukiweza kujibu maswali haya, mwite mama mwingine mwenye mtoto kama wako, umsomee. Kisha tandikeni mkeka mmoja, watoto wenu wawili waanze pamoja.